Jina Lako Limeingia Gazetini

Magesa ndugu yangu,

Jina lako limeingia gazetini, tena kwa herufi ndogo. Mimi msomi wa darasa la tano nimelisoma mara nne: "Wanaomagesa wachukuliwe hatua kali."

Tulipohamishiwa kijiji kipya hapa njia ya Kibara, ulikuwaga kila asubuhi unarudi kwenye boma lako la zamani kulima, kana kwamba serikali haijasema kitu. Ndipo nikatamka pale kwa muuza chai, "Huyu amemagesa tena." Watu wakashika mbavu. Ulicheka kuliko wote, ukaniambia, "Mdomo wako utatufunga." Baada ya wiki hata mbuzi akirudi zizi la zamani, watoto wanasema amemagesa. Nilijiona profesa.

Homa ikakuchukua, tukakuzika kulekule bomani. Neno likabaki linatembea.

Sasa sikia upumbavu wangu. Nilimkuta mwandishi wa habari hotelini Bunda. Unanijua, mtu niliyefika Kampala na Nairobi, mbele ya kalamu sinyamazi. Nikamweleza neno, na kijiji lilikotoka. Nilidhani ataandika mzaha. Ameandika siasa.

Jana katibu kata kaja na gazeti hilo. "Magesa ni nani? Boma lake liko wapi?" Balozi wetu wa nyumba kumi akaomba siku mbili ndipo ajibu.

Na mkeo kila siku yuko kule, anapalilia mihogo pembeni ya kaburi lako. Waliokutwa hivyo juzi wako mahabusu. Nilimwambia, "Shemeji, usiende." Akanijibu, "Nisiende vipi, na mume wangu yuko kule?" Nimembembeleza mpaka amekubali kukaa kwa dada yake huko Mwisenge, siku tatu tu.

Tangu jana nikisikia Landrova naingia nyuma ya ghala la pamba. Mimi huyu, wa Nairobi.

Kesho nitasimama. Nitasema neno ni langu, Magesa ni marehemu, na anayerudi kulima kule ni mimi. Hawataamini, mikono yangu ilikuwaga laini kama ya karani. Kwa hiyo leo nimeshinda bomani kwako na jembe. Viganja vimejaa malengelenge, hata kalamu hii inaniuma.

Naogopa, Magesa. Sauti ikikwama, nitawaonyesha mikono.

Pumzika. Wakiniachia, palizi ya hapo ulipolala ni yangu, mpaka na mimi nilale.

Wako,
Maingu