Usiilete Mwenyewe

Sapiwi, Julai 1999

Mjukuu wangu Luhaga,

Mwangaluka. Huku wazima, na bado hakuna kijana wa kunishinda kulima.

Ile programu yako ya kupimia pamba, niliyoisifia mimi mbele ya wakulima wote, inapunja. Fundi Mektilda wa kiwandani anasema uliiagiza itafute kifurushi cha hesabu, hiyo mnayoita maktaba, pale kinapokaa kwenye kompyuta yako ya Dar. Huku kinakaa mahali pengine. Basi ilipoundwa kwenye kompyuta ya hapa haikukiona, ikanyamaza, ikaendelea hivyo hivyo kwa kuhesabu kilo nzima tu. Sasa nusu kilo na robo zote zinapotea.

Jana wakulima walikuja hapa nyumbani na fimbo.

"Mzee Salu, huyo mjukuu wako mwizi anarudi lini?"

Nikawacheka. Mimi siogopi mtu. Ila bibi yako nimempeleka Mwamapalala, na mimi nalala zizini.

Iandike upya. Kwanza iulize kila kompyuta maktaba iko wapi, iijaribu, na isipoiona igome kabisa, kama mimi. Ukimaliza mpe kondakta wa basi. Usiilete mwenyewe, baba, nakuomba.

Ni mimi babu yako, ambaye hajahama,
Salu