Mashine ya Panya

Timbwani, Jumatano

Ya panya! Ndivyo alivyonijibu daktari leo, tena akicheka, mbele ya dada yangu Mwanakombo aliyelala pale na mguu umemvimba.

Lazima mishipa yake ionekane kabla ya kupasuliwa, lakini dawa wanayodunga ili mishipa itokee kwenye picha inaweza kuzimaliza figo zake, ambazo tayari ni mbovu. Nikamweleza daktari nilichosoma: kuna mashine inayosaka kwa sumaku chembe ndogo mno za chuma zilizotiwa ndani ya damu, na figo hazisumbuki. Michoro yake imeanikwa bure mtandaoni, atakaye aunde.

"Lakini hiyo ya michoro tundu lake laingia panya tu, mzee," akasema daktari. "Ya watu wataileta wenyewe wa ng'ambo."

Wataileta! Hapo ndipo nilipowaka. Tunaishi mlangoni mwa bandari, tumezoea kila kitu kishushwe melini, hata akili. Michoro iko wazi, mafundi wa kusuka nyaya za mota, kazi ile ile ya sumaku, wamejaa Changamwe, na sijasikia chuo kilichothubutu kuunda hata hiyo ya panya. Nilipaza sauti mpaka muuguzi akaja mbio.

Mwanakombo akanishika mkono. "Wacha kelele, mdogo wangu. Kumbe panya wana bahati, wallahi. Mwambie daktari anidunge hiyo dawa yake kesho, tumalize."

Nimerudi nyumbani na majibu tele ya kumpa yule daktari. Hata moja haliokoi figo za dada yangu.