Kabla Hujamfukuza Kyalo

Mwende mjukuu wangu,

Sisi huku Kanyangi tuko wazima, na mbaazi zimeanza kutoa maua. Barua yako nimeisoma mwenyewe, neno kwa neno, na roho imeniuma. Unasema mwanao Kyalo anarudi nyumbani akinuka pombe, na unataka kumfukuza.

Nikiwa na umri wake, mama alikuwa anatengeneza kaluvu, ile pombe yetu ya asali, ya wazee wanaokuja kujadili mahari. Kila mara alinituma, "Kaonje kama imeiva." Nikazoea. Siku ya mahari ya dada yangu nilionja mpaka nikaanguka mbele ya wageni.

"Huyu naye ataolewa na kibuyu!" mzee mmoja akacheka.

Baba akashika fimbo. Mama akasimama katikati yetu. "Nichape mimi. Ni mimi nilimfundisha kuonja."

Mama hakunituma tena kuonja. Tukawa tunaenda mtoni pamoja, ananiuliza mambo yangu, nami nikaanza kumwambia, hata ya aibu.

Usimfukuze Kyalo, mama. Muulize ni nani alimwonjesha mara ya kwanza, na usikasirike akitaja mtu wa nyumbani.

Ni mimi bibi yako, susu wako anayekupenda.