Divai Ninayoionja na Kuitema

Bujumbura, Jumapili baada ya ibada

Mama Neema, mke wangu,

Pokea salamu zangu kutoka ng'ambo hii ya ziwa. Kifua chako kimepona, kile kilichoshikwa na baridi mlipokuwa mmejificha milimani? Na Neema wetu je? Nasikia meno yake ya mbele yameng'oka na sasa akicheka anaziba mdomo kwa mkono. Mwambie baba yake pia alikuwa hivyo. Baba na Mama, wakwe zangu, wameamkaje? Mihogo ya Mutarule mmeikuta shambani, au walioingia mlipokimbia waliing'oa yote?

Mimi mzima. Nimeketi kwenye ngazi za nyuma za hoteli, na mbele yangu milima ya kwetu iko wazi kabisa leo, mvua imeiosha. Ukiitazama hivi utadhani mtu akiita kwa nguvu, mwenye duka wa mtaa wa Kimanga, pale Uvira, ataitika. Lakini tangu waasi walipoingia Uvira na njia ikafungwa, pale palikuwa mbali kuliko Ulaya. Tulipopata uhuru nilivuka kuja kutafuta kazi, nikasema ni kwa muda tu, yule Mbelgiji wa pamba niliyemfanyia kazi akishaondoka nitafanya nini Uvira. Sikujua kwamba muda huo utatukalia katikati kama mgeni asiyeaga.

Sasa njia imefunguliwa, nami nimepanga chumba kizuri chenye dirisha, nikatuma neno uje na mtoto. Badala yako amekuja kaka yako Kashindi, Jumanne, na mfuko wa samaki, mukeke uliowakausha mwenyewe. Alikaa kitandani akashika kofia yake, akawa anaizungusha tu.

"Shemeki, Baba anakatala," akasema. "Anasema binti yake hataenda kwa mulevi."

"Mulevi gani?"

"Weye. Mama Sidoniya wa Kimanga alikuonaka na macho yake. Alileta ndagala mu kuzini, kule munapikiaka ya hoteli, anakukuta umefunga macho, glasi iko mu pua. Na ilikuwa mchana tu. Anasema kinywa yako yote inanuka divai."

Mke wangu, usimkasirikie Mama Sidoniya. Hakusema uongo. Macho nilikuwa nimeyafumba, glasi ilikuwa puani, na harufu ilikuwepo. Ambacho hakukiona ni ndoo iliyokuwa nyuma ya mlango. Ndiyo maana nakuandikia barua ndefu hivi, na nakuomba umsomee Baba taratibu, jioni akishakula na moyo wake umetulia. Usiruke kitu, ila pale nitakapokuambia.

Kazi yangu ni hii. Mimi ndiye ninayeangalia divai za hoteli, chini ya mkubwa wangu, Papa Gaspari, mzee wa Kasongo aliyezeeka akihudumia meza za Wazungu tangu enzi za Wabelgiji. Kila siku kabla ya chakula tunafungua chupa zitakazotoka. Chupa inaweza kuwa na karatasi nzuri na jina la kifalme, kumbe kizibo kimeoza na ndani inanuka kama gunia la mihogo lililonyeshewa. Basi lazima mtu aonje. Unamimina kidogo, unaitazama rangi kwenye mwanga, unazungusha glasi, unanusa, unaingiza funda moja mdomoni na kuliviringisha ulimini. Halafu unatema kwenye ndoo.

Kashindi nilipomwambia hivyo alicheka mpaka akakohoa. "Nani anatemaka kintu kitamu?" Baba naye atauliza vilevile, namjua. Mjibu hivi: Mama anapopika chakula cha harusi, sufuria ziko kumi mekoni, huonja chumvi ya kila moja. Angekula bakuli zima kila anapoonja, nani angewapakulia wageni?

Nilivyoingia katika kazi hii nayo ni hadithi, na naomba Baba aisikilize sana, kwa sababu yeye mwenyewe yumo ndani yake. Mwanzoni nilikuwa nabeba sahani tu. Jumapili moja mchana wahudumu wawili waliugua, Papa Gaspari akanipa chupa ya divai nyekundu ya Bordo niipeleke kwenye meza ya Mgiriki mmoja mzee, muuza vitambaa, aliyekuwa amekaribisha jamaa zake. Desturi ya pale ni kwamba unammiminia kidogo mwenye meza, anaonja, akikubali ndipo unawamiminia wote. Mimi sikuambiwa. Nilijua desturi ya kwetu tu. Nikafungua, nikamimina kwenye glasi ya mzee, nikainua glasi ile mbele yao wote, nikanywa funda moja, nikafuta ukingo kwa kiganja, nikampa kwa mikono miwili.

Mama mmoja aliweka uma chini. Nilimwona Papa Gaspari anakuja mbiombio kutoka mlangoni na nikajua kazi imeisha. Lakini yule mzee alinitazama, akauliza kwa Kiswahili cha dukani: "Weye mutu ya wapi?"

"Uvira, bwana. Kwetu mwenye kuleta kinywaji njo anaonja wa kwanza. Mugeni ajue hakuna sumu."

Akaitazama glasi. Akasema, "Baba yangu, kule kisiwani, alifanyaka vile vile," akainywa yote palepale ukingo niliougusa. Kisha akaomba nimimine kwa wengine.

Papa Gaspari hakunigombeza. Jioni aliniita chumba cha chini ya ngazi, penye giza na baridi, chupa zimelazwa kama watoto. Akanimiminia nyeupe kidogo, akauliza nasikia nini. Nikasema nasikia ndimu, na jiwe lililolowa, na kwa mbali kitu kama ua la mhogo. Akacheka kidogo. "Ile pua haiko ya kubeba masahani," akasema. "Kesho kuya tena."

Tangu siku hiyo najifunza, na Mama Neema, sikufichi, ninaistaajabia kazi hii. Papa Gaspari ananusa akiwa amesimama tuli kama mtu anayesikiliza mlango. Anakuambia chupa hii ilikaa kwenye joto njiani, labda kwenye behewa la treni la kuja Kigoma, na ukionja kweli unasikia utamu wa tunda lililopikwa. Anakataa divai nyeupe iwekwe kwenye barafu mno. Anasema baridi ikizidi inaiziba mdomo, haisemi tena. Nyekundu nayo haipendi joto letu, basi tunaifunika magunia yaliyolowa maji na kuiacha pale chini mpaka itulie. Nyekundu ikiwa changa ina ukakasi, inakukausha ulimi kama ndizi mbichi. Wengine wanadhani imeharibika. Papa Gaspari anasema subiri, ipe nyama yenye mafuta. Nikajaribu na kipande cha mbuzi wa kuchoma, na kweli ule ukakasi ukashika mafuta ukayaondoa, mdomo ukawa safi, ukataka tena nyama. Nilibaki natikisa kichwa peke yangu.

Samaki nao wana mambo yao. Mgeni akiagiza sangala wa siagi tunampa nyeupe nzito kidogo, ya Burgundi kule Ufaransa. Ndagala, dagaa wetu wadogo, wakikaangwa wanataka nyeupe kali, nyepesi, inayokwaruza. Ukiwapa samaki nyekundu ile ya ukakasi, mdomo unaonja chuma, kama umelamba kisu. Siku Papa Gaspari aliponieleza hayo yote nilimwambia, Papa, hii sheria ninaijua. Mke wangu hakubali mukeke aende mezani bila ndimu, na anasema ndimu si ya kupamba, ni ya kumkata samaki mafuta yake. Divai nyeupe inafanya kazi ya ndimu yake. Akataka kujua wewe ni nani. Nikamsimulia karibu saa nzima na chupa hatukuzigusa.

Basi Jumanne, Kashindi akishalala, nilichukua mukeke wako wawili nikampelekea. Tuliwachoma kwenye makaa nyuma ya jiko, na pilipili na kitunguu, kama unavyofanya. Papa Gaspari alimega kipande kwa vidole, akatafuna, akamega kingine. Moshi wa kuni zako ulikuwa bado umo ndani ya nyama, nikasikia jiko letu lote pale mdomoni. Mzee akainuka, akashuka chini, akarudi na chupa nyeupe ambayo huwa hafungui ovyo. "Hii bibi yako iko na mukono," akasema. "Atakuya lini?"

Nilionja ile divai na samaki wako pamoja, na nakwambia, vilipokutana kila kimoja kilikuwa kitamu kuliko kilivyokuwa peke yake. Nililia kidogo, nikasingizia pilipili. Na siku hiyo, mke wangu, lile funda sikulitema. Nililimeza. Lisome hilo pia mbele ya Baba. Akiuliza kama simezi kabisa, usiseme uongo kwa ajili yangu. Namezaga mara chache, na sijawahi kulewa tangu nilipovuka maji haya. Papa Gaspari hawezi kumvumilia mlevi hata siku moja, maana ulimi wa mlevi umekufa, haufai kwa kazi hii.

Kashindi alipoamka aliniambia: "Weye ni bwana yake. Mahari ulitoa. Kuya, mukamate mukono, muende." Haki hiyo ninayo, najua. Lakini siwezi. Wakati risasi zinalia bondeni mimi nilikuwa huku nasugua glasi. Aliyembeba Neema mgongoni kutoka Mutarule mpaka milimani, mzee wa miaka yake, na magoti yale, ni Baba. Aliyekugawia blanketi lake ni Baba. Mtu wa namna hiyo akisema ana wasiwasi na mimi, sina haki ya kumpita mlangoni. Ninamheshimu zaidi sasa kuliko siku nilipoomba posa. Anaogopa kukukabidhi mahali pabaya baada ya kukuokoa kwenye pabaya zaidi. Mimi ningekuwa na binti kama wewe ningeogopa vilevile, na ninaye.

Nitamwambia jambo moja tu, na aniwie radhi, maana yeye ni mzee wa kanisa na mimi ni mshika chupa. Ile harusi ya Kana anayopenda kuihubiri, palikuwa na mkuu wa meza. Maji yalipogeuka, yeye ndiye aliyepelekewa kwanza aonje. Sijasikia Baba akimwita mlevi. Ucheke polepole hapo, asikuone.

Karatasi ya kupita nimeipata. Jumamosi ijayo nitavuka, nitashuka Uvira na kuja Mutarule kwa miguu kama gari halipo. Sitaleta chupa. Tangu leo mpaka siku hiyo Papa Gaspari ataonja peke yake, amekubali, kwa hiyo kama Baba atataka nimhemee usoni, nitamhemea mbele ya jirani wote, hata Mama Sidoniya aalikwe.

Ila nina ombi kwako. Unakumbuka siku ya posa? Baba, kwa wokovu wake, alikataa pombe isiingie uani, akawafanya wajomba zako wakamue mutobe wa ndizi, mtamu, wa siku ileile. Wazee wa kwetu walinung'unika, nani anaposa kwa maji ya ndizi. Yeye akachota kikombe, akanywa funda moja mbele yangu, akafuta ukingo kwa kiganja, akanipa kwa mikono miwili. Alikuwa bado hajasema neno, lakini nilijua nimekubaliwa. Ndivyo nilivyofanya mbele ya yule Mgiriki. Sikujifunza hotelini. Nilijifunza kwa Baba.

Kuanzia hapa usimsomee Baba. Jumamosi kamua mutobe. Mtungi uweke karibu naye, na kikombe, kisha nenda zako jikoni, usimwambie la kufanya. Nitasimama uani, sitakaa. Akinipa bila kuonja, nitashukuru, nitambusu Neema, na nitarudi ziwani peke yangu, nisubiri mpaka moyo wake utakapotulia. Akionja yeye kwanza, wewe utakuwa umeshafunga mizigo.

Nisalimie Mama mkwe, aliyenipikia sombe ya majani ya mhogo bila chumvi siku ya kwanza ili aone kama nitalalamika. Nisalimie shangazi yako wa Katogota, mwenye mchele, mwambie deni la kumsikiliza porojo zake nitalilipa lote. Msalimie fundi baiskeli wa Kimanga, rafiki yangu wa ubatizo, na Mama Sidoniya, mwambie ndagala zake ni safi na aendelee kuzileta. Neema mbusu pale meno yalipotoka. Baba umpe mikono yangu yote miwili.

Ni mimi mume wako, Baba Neema, mwenye kiu.