Mikono ya Mchawi Orzamund

Brooklyn, Februari 1966

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa moyo wote, nikitumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba baridi ya huko Buffalo imeyahurumia magoti yako. Mimi sijambo. Nakula vizuri, Mama, kwa hiyo usianze.

Kazi ya vitabu vya katuni inaendelea. Pale kwetu mmoja huchora kwa penseli, mwingine hupitisha wino, mwingine huandika maneno. Mimi wananiita fundi wa mikono. Wachawi wote, wema kwa wabaya, huloga kwa mikono, na wanaume wale wakichora vidole utadhani ni soseji! Basi shujaa wetu Binti Radi akirusha umeme, au adui yake Mchawi Orzamund akitoa laana, kurasa huletwa kwangu niwawekee mikono.

Sasa sikia kituko. Juzi mwalimu wa shule ya viziwi alikuja ofisini na wasichana wawili, wanafunzi wake. Mhariri wetu, Bwana Krantz, alidhani wamekuja kutusifu. Kumbe! Mwalimu alimwambia kuwa darasa zima halina mbavu kwa kucheka. Pale Orzamund anapoinua mikono aiangamize New York, maandishi yanasema, "Kufeni nyote!" lakini mikono yake inasema: Kula, mwanangu, umekonda. Na alipofungua milango ya kuzimu, mikono ilisema: Vaa soksi, nje kuna theluji.

Krantz aliiva uso. Akasema kuna mtu anamfanyia mzaha, na akimjua tu, huyo afungashe virago leo leo. Wenzangu wote wakatazama dari. Lou wa penseli akaninong'oneza nifunge mdomo, kwani nani atajua?

Ningeweza kunyamaza. Hata wewe ulinifundisha kujificha. Kwenye basi uliitia mikono mifukoni, na nikikusemesha kwa ishara ulinikazia macho niache, watu wanatuangalia. Najua katika shule yenu ya viziwi walikuchapa vidole kwa rula ili usiseme kwa mikono. Sikulaumu hata kidogo. Lakini wale wasichana, Mama! Mikono yao ilikuwa hewani, wanasemezana na kucheka, hawamwogopi mtu. Nikasimama, ingawa kazi hii ndiyo niliyoitamani tangu utotoni.

Nilimwambia Krantz kuwa si mzaha. Nisamehe, Mama, sikukuomba ruhusa: ile ni mikono yako. Ni vidole vyako, pamoja na kile cha shahada kilichopinda. Kazi ikinibana, kalamu hukimbilia mikono niliyoijua kabla sijajua sauti ya mtu yeyote. Uchawi mwingine sijauona. Niliyasema hayo nikilia mbele ya ofisi nzima, kwa mdomo na kwa mikono, ili wasichana nao waelewe.

Krantz aliwasha sigara upande wa kichungi. Kisha akauliza, yaani ile laana ya kuangamiza dunia ni mama yako anakuita mezani? Nikasema ndiyo. Akasema basi dunia haikuwa hatarini hata siku moja.

Hakunifukuza. Ila Orzamund atakufa toleo lijalo, na Krantz ameagiza maneno yake ya mwisho yasiandikwe, yasemwe kwa mikono tu. Kuchagua maneno ameniachia mimi.

Ukurasa huo nimeuweka humu. Utaitambua mikono iliyokunjwa kifuani: ni ile ishara yako ya nakupenda, ya dirishani nilipokuwa nikienda shule, uliyoifanya haraka nyuma ya pazia ili jirani asione. Sasa itaonwa na watoto wa nchi nzima.

Msalimie sana Shangazi Jadwiga, na umwambie kofia aliyonifumia inanitosha.

Usinijibu kwa kalamu, Mama. Jumapili nakuja kwa treni. Nisubiri stesheni, katikati ya watu wote, unijibu kwa mikono yako.

Mwanao akupendaye,
Halinka