Maoni ya Mama Chapa Kuhusu Kitabu Chako

Ofisi ya Usajili wa Vizazi na Vifo,
Dirisha Namba 3.
Alhamisi, 14 Agosti.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Nimekuamkia kwanza kwa sababu ni haki yako, na kwa sababu nikianza na mengine nitaikosa adabu niliyofunzwa na dada yako. Barua hii ni ya nne. Tatu za kwanza nimezichana.

U hali gani? Mgongo umepata nafuu? Mkaza mjomba na watoto hawajambo? Sisi huku wazima. Mama anakohoa kidogo asubuhi, lakini cherehani yake hailali. Kitabu chako amekisoma chote. Anasema umeandika vizuri, ila watu wako hawali: kurasa mia mbili na hamsini, na hakuna hata mmoja aliyekaa chini akashiba. Kaniagiza nikufikishie, nami nimefikisha.

Yangu sasa. Mjomba, nimekasirika. Unanijua, mimi si mtu wa hasira. Mimi ni mtu wa kuogopa. Hata kumwambia Mkuu wetu kwamba kalamu imekwisha wino najipanga tangu asubuhi. Lakini kwa hili hasira imeupita woga.

Kitabu ulichonitumia nilikipeleka ofisini kabla sijakisoma. Kosa hilo ni langu, sikusingizii. Nilitaka kuringa. Nilikishika juu wakati wa chai nikasema, "Huyu ni mjomba wangu, tumbo moja na mama yangu." Wakapiga makofi kana kwamba nimekiandika mimi.

Ofisini tuna desturi yetu. Riwaya ikiingia, inazunguka. Karatasi ya majina hubanwa ndani ya jalada, kila mtu na siku zake nne, na anayeirudisha husimama kwenye chai ya saa nne akatoa maoni yake mbele ya wenzake. Huruhusiwi kusema tu kwamba ni nzuri. Ukisema hivyo unazomewa.

Wa kwanza kurudisha alikuwa mlinzi wa getini. Alisema mvua yako imezidi, kila sura inanyesha, na anayeandika mvua namna hiyo hajawahi kusimama nje ikamnyeshea. Nilicheka kwa sauti. Ndicho kicheko changu cha mwisho katika habari hii.

Wa pili, mhasibu. Akasimama na sambusa mkononi. "Mimi huyu mwanamke kanishinda. Mtu kazi yake kupiga taipu vyeti vya vifo vya watu, na kifo cha mumewe mwenyewe miaka minane hajakiandikisha! Mwandishi anatuambia ni mapenzi. Mapenzi gani? Huo ni uvivu."

Chai ilinimwagikia kwenye suruali.

Mjomba, unajua ulikomtoa mwanamke yule. Ulimtoa kwenye barua yangu. Mwezi wangu wa kwanza kazini nilikosea tarehe ya kifo cha mtoto wa watu, Mkuu akanikaripia mbele ya foleni nzima, nikajificha chumba cha taipu nikalia kama mtoto. Mama Chapa, mpiga taipu wetu, alifunga mlango, akanipa leso yake, akaniambia jambo ambalo hajawahi kumwambia mtu. Kwamba vyeti amepiga hadi vidole vimepinda, na cha mume wake hajakipiga. "Kwa hiyo wewe na tarehe yako moja nyamaza, mwanangu, ukanawe uso." Alinipa siri yake ili mimi nipate nguvu ya kurudi dirishani. Nami nikakuandikia wewe, kwa sababu wewe ni mjomba wangu, na kwa mjomba mtu husema.

Ukurasa wa mbele umeandika kwamba wahusika wote ni wa kubuni. Mjomba! Miwani yake iliyofungwa uzi imo. Namna anavyovuta pumzi kabla ya kuanza mstari mpya imo. Kitu ulichobuni ni kimoja tu, ile sababu: kwamba alimpenda mno, hawezi kumwandika marehemu. Hilo sikukuandikia. Hilo umejipikia mwenyewe.

Basi nikakaa kwenye kiti changu siku baada ya siku nikisikiliza watu wakimjadili mtu aliyeko chumba cha pili, mlango wazi, anapiga taipu. Binti wa masijala alisema alilia mpaka akachelewa basi. Dereva alisema mwanamke ana kichaa, lakini kichaa cha heshima. Mkuu naye akasema mfanyakazi wa namna hiyo angempa barua ya onyo siku hiyohiyo.

"Mkuu," dereva akamwambia, "hata wa vitabuni huwaachi?"

Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mashine ya taipu haikusimama. Nilikuwa nahesabu mapigo yake.

Nilifanya nilichoweza, na nilichoweza ni kidogo. Nilibanua karatasi ya majina nikamhamishia Mama Chapa mwisho kabisa, chini ya mfagiaji. Aliiona. Akaja dirishani kwangu na miwani yake puani.

"Kulikoni nimekuwa wa mwisho? Au umeona wazee tunasoma kwa kunusa?"

Nikamwambia kitabu hakina maana, asijichoshe. Ndiyo, Mjomba, nilikitukana kitabu chako, na ningeweza ningekichoma. Akanitazama kidogo. "Kitabu cha mjomba wako hakina maana? Basi hicho lazima nikisome."

Alikichukua Ijumaa.

Jumanne ya wiki iliyopita, chai ya saa nne, alizima mashine, akaja na kitabu kifuani. Kwa kawaida yeye hunywa chai yake kulekule ndani. Watu wakampisha kiti, akakataa kukaa. Nakuandikia maneno yake jinsi alivyoyasema, kwa kuwa ulinitaka katika barua yako ya Julai nikukusanyie maoni ya wasomaji. Haya hapa.

"Mwandishi huyu anajua kuandika, nisimnyime haki yake. Kazi yetu ameisoma vizuri kuliko sisi. Lakini huyu mama hamjui. Ameona nafasi iko tupu, akaijaza. Karani anayeanza leo anafundishwa: usichokijua, acha wazi. Usimjazie mtu. Mimi nimemaliza."

Akakiweka kitabu mezani, akarudi kwenye mashine yake. Mhasibu akapiga meza, "Mama Chapa kampasha mwandishi!" Wakashangilia. Hakuna aliyeelewa. Mimi hakunitazama hata mara moja, na ingekuwa afadhali angenitukana.

Tangu siku hiyo salamu ananipa, kazi ananipa, neno la ziada hanipi. Nilimfuata chumbani nikaanza kumwomba radhi, akainua mkono tu, kama unavyomsimamisha mtu anayetaka kuvuka barabara.

Jana asubuhi nilifungua dirisha, foleni ikaanza. Wa saba alikuwa yeye. Hakupitia mlango wa ndani. Alikuwa amechukua namba nje kama raia yeyote, akasimama kati ya watu na kitambaa kichwani. Akaniambia, "Nimekuja kuandikisha kifo." Sheria inanitaka niulize. Nikauliza jina la marehemu. Nikauliza uhusiano. Nikauliza tarehe. Alinijibu yote kwa sauti ya dirishani. Halafu nikafika kwenye mstari unaouliza sababu ya kuchelewa, nikaweka kalamu chini. Akasema, "Uliza. Ndiyo kazi yako." Nikauliza, akanijibu.

Alichonijibu nimekiandika kwenye fomu, nikaigonga muhuri, nikaifungia kabatini. Kwako sikiandiki, Mjomba. Wala sikwambii uso wake ulikuwaje, wala alisema nini alipopokea risiti. Usiniulize kwa barua, usimwulize Mama, kwa maana na yeye sijamwambia.

Naomba unirudishie barua zangu zote, hata zile za utotoni.

Mama anakusalimu, na mdogo wangu, na Bibi anakubariki kama kawaida yake. Nisalimie mkaza mjomba na wote walio chini ya paa lako. Mungu awalinde, akuponye mgongo, akuzidishie maisha. Naliomba hilo kwa moyo wangu wote, na hasira yangu haijapungua.

Ni mimi mpwa wako, nikupendaye bado,
Karani wa Dirisha Namba 3.