Ray wa Shangazi Olga Anagombea Ujaji

Nyumba Na. 41, Barabara ya Tipple,
Dunmere, Pennsylvania.
27 Oktoba 2023

Mpendwa mdogo wangu Emil,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Kodiak, mgongo umetulia, na hawajakupangia tena zamu mbili mfululizo pale kiwandani. Mimi sijambo, ila goti. Mwaka huu limeanza mapema kwa sababu baridi nayo imewahi. Juzi tumeamka tukakuta theluji nyembamba imefunika makaburi, nikaenda na ufagio. Nimefagia la mama na baba, nimefagia la Corey, nikarudi nyumbani kuweka mguu kwenye maji moto.

Shangazi Olga bado tunaye, miaka tisini na mmoja sasa. Kila anayeingia anamwuliza amekula nini. Nikimwambia wewe uko Alaska, anasema, "Atarudi njaa ikimuuma." Nacheka, yeye hacheki.

Paa la nyumba ya mama limezibwa. Vijana wa zimamoto walikuja Jumamosi moja wakamaliza kabla ya chakula cha mchana, na Ray wa Shangazi alikuwa juu kabisa na nyundo, mtu wa miaka hamsini na minane. Nilimwambia akianguka sitamzika na kampeni yake.

Najua unajiuliza kwa nini naandika, wakati Jumapili tungezungumza kwa simu kama kawaida yetu. Nimeandika kwa makusudi, utaona sababu ukifika mbele.

Ray anagombea ujaji wa kaunti, hilo nilikwambia. Kura ni Jumanne ya tarehe saba. Mpinzani wake ni Whitcomb, yule mwendesha mashtaka mwenye nywele zilizolala kama zimepigwa pasi, ambaye hajawahi kula hata kipande cha samaki kwenye ukumbi wetu wa zimamoto. Kipeperushi cha Ray nimekitia humu ndani ya bahasha. Kisome. Upande mmoja wameandika kazi yake: shule aliyosomea sheria huku akifanya kazi ya usiku kwenye kiwanda cha vioo, kisha miaka kumi na tisa ya kuwatetea watu wasio na uwezo wa kuweka wakili. Upande wa pili wameandika mambo ya jamii. Zimamoto wa kujitolea miaka ishirini na sita. Mpishi mkuu wa samaki wanaouzwa ukumbini kila Ijumaa ya Kwaresima. Kocha wa watoto. Kiongozi wa nyimbo kanisani. Na mwisho kabisa: mwanzilishi wa chakula cha kila mwaka cha kumkumbuka Corey Palchak, kinachosaidia vijana waende kutibiwa uraibu wa dawa za kulevya.

Nilisoma jina la mwanangu pale kwenye sanduku la barua, nikiwa nimesimama barabarani na kandambili. Ni kitu kigumu kukikuta katikati ya bili ya umeme na tangazo la matairi.

Najua unayajua haya, lakini niache niyaseme kwa mpangilio, maana kwa miaka minne tumekuwa tukiyazunguka kama watu wanaozunguka shimo. Corey alikamatwa wiki ile ya mwisho ya Kwaresima kwa kuiba nyaya za shaba. Whitcomb aliomba dhamana ambayo alijua hatuiwezi. Ray alikuwa wakili wake, na kila kitu kilikuwa tayari: kitanda kilishapatikana kwenye kituo cha matibabu, na jaji alikuwa tayari kumpeleka huko. Ilibaki kesi isikilizwe tu, Ijumaa Kuu, saa saba na nusu mchana.

Lakini Ijumaa Kuu mahakama yetu hufungwa saa sita, ukiwa Mkatoliki au usiwe. Kesi zote za mchana zikasogezwa asubuhi, ya Corey ikawa saa nne. Notisi ilikuwa mezani kwa Ray. Hakuiona, kwa sababu Alhamisi alitoka mapema kwenda kumenya viazi vya ukumbini. Saa saba na robo alifika mahakamani amevaa tai, shati linanuka mafuta, akakuta mlango una kufuli. Kesi ilikuwa imesogezwa hadi Jumanne baada ya Pasaka. Akajisemea, siku nne ni nini? Corey alikuwa anatapika tangu Alhamisi, mwili unadai ile sumu, na mahabusu hakuna aliyemjali. Maji yakamwisha mwilini. Alifariki Jumapili alfajiri, siku ya Pasaka, na alikuwa na miaka ishirini na saba.

Ray alikuja mwenyewe kuniambia kosa lake, kabla ya mazishi. Hakujificha. Sikuzungumza naye mwaka mzima. Mwaka wa pili nilimjibu salamu. Wa tatu alianzisha kile chakula, nikaenda nikaosha vyombo, kwa kuwa nilishindwa kukaa nyumbani nikijua watu wanakula kwa jina la mwanangu.

Mwezi uliopita alikuja, kofia mkononi. Akasema, "Dada Dora, nina ombi."

"Kama ni pierogi, subiri Jumanne kama wenzako."

"Nataka picha ya Corey kwa kipeperushi cha pili. Ile aliyovaa sare ya timu yangu."

"Ipi? Ile akiwa hai, au nikutafutie ya jenezani?"

Emil, nilisema hivyo. Alikaa kwenye kiti cha baba akatazama viatu vyake, kisha akaondoka bila picha. Sijivuni.

Jumapili iliyopita wagombea walihojiwa ukumbini. Watu walijaa mpaka kwenye magari ya zimamoto. Katikati ya maswali mtu mmoja wa upande wa Whitcomb akasimama, karatasi mkononi. "Bwana Sedlak, Ijumaa Kuu ya mwaka 2019, saa nne asubuhi, ulikuwa wapi?"

Ray hakutafuta maneno. "Nilikuwa hapa hapa, nyuma ya dirisha lile, nakaanga samaki. Nilipaswa kuwa mahakamani. Kijana alikufa. Nilikosea." Kisha akakaa.

Watu wote walinigeukia mimi. Nikachukua koti langu nikatoka. Lakini ukweli ni kwamba nilipokuwa nikitembea kurudi nyumbani nilikuwa nalia kwa kitu kama nafuu. Miaka minne yote, Whitcomb hajawahi kusema "nilikosea" hata kwa kumkanyaga mtu mguu. Nikasema moyoni, huyu wetu nitampigia kura. Jumatatu nikaweka bango lake uani. Wengine walikuwa wameshaanza kuyang'oa ya kwao.

Sasa sikiliza. Jumanne tulikuwa kwenye chumba cha chini ya kanisa, tunajaza viazi kwenye unga na kufinya pierogi za kuuza kama kawaida. Karibu yangu alikaa Bernice Yurick, yule karani wa mahakama. Amestaafu Agosti, na tangu astaafu mdomo wake umepata kazi mpya.

"We Dora, nimeona bango uani kwako. Huna hata aibu?"

"Alikiri mbele ya watu, Bernice. Hakuiona notisi."

"Hakuiona notisi!" Akaupiga unga mezani. "Na simu je? Hakuisikia? Nilimpigia mimi. Mara mbili, hapa ukumbini, ile simu ya ukutani kando ya jiko. Jaji alikubali kungoja nusu saa."

Nikaacha kufinya. Nikamwuliza aliongea na Ray mwenyewe?

"Angeongeaje, ana unga mpaka viwikoni? Alipokea ndugu yako. Nani mwingine hupokea simu akisema, 'Samaki wapo, pa kuegesha hakuna'? Nikamwambia, Emil, mwambie Ray jaji anamngoja, aje sasa hivi. Akasema foleni imefika barabarani lakini atamwambia. Nikapiga tena. Akasema, 'Nimeshamwambia, anakuja.' Tukangoja, hakuja! Alichagua samaki, Dora. Nilinyamaza kwa sababu ya kazi yangu. Sasa sina kazi, na nimeshamweleza mtu wa gazeti. Watalitoa Jumapili ya tarehe tano."

Nilimaliza trei yangu. Sijui niliifinyaje.

Jumatano asubuhi nilikwenda ofisini kwa Ray, nimewaka. Nilifungua mlango bila kubisha. "Kumbe uliitwa! Bernice alipiga simu mara mbili, Emil akakwambia jaji anakungoja, nawe ukabaki na samaki wako!"

Nataka ujue nilichokiona, Emil, maana nimekitazama vizuri na hakitanitoka. Ray alinitazama kama mtu aliyeambiwa kwamba kuna chumba kingine ndani ya nyumba aliyozaliwa. Akasema, "Simu gani?" Akasema polepole sana. Kisha nikaona inamwingia, nikaona anahesabu nani alikuwa karibu na ukuta ule. Akakaa. Akainama akaweka kiganja juu ya meza, na alipoinua kichwa alikuwa mtu mwingine.

"Ndiyo," akasema. "Niliambiwa. Emil aliniambia. Nilisema nitakwenda, nikachelewa."

Ray hajui kusema uongo. Ndiyo maana kwa miaka kumi na tisa hajapata mteja tajiri hata mmoja.

Nikamwambia, "Ray, gazeti likitoa hilo, umekwisha. Si ujaji tu. Hata hii kazi."

"Wakili nilikuwa mimi, Dora. Saa ya kesi ilikuwa juu yangu kuijua. Simu haikuapa mahakamani." Kisha akaniambia nisikuulize. "Yuko peke yake huko," akasema.

Basi sikuulizi. Ndiyo sababu ya barua. Kwa simu ungesema haraka kwamba ulisahau, nami ningekubali haraka, kwa kuwa wewe ndiye pekee niliyebaki naye. Na labda kweli ulisahau mara ya kwanza. Foleni ilikuwa ndefu, mafuta yanachemka, na hakuna mwingine anayeujua ule unga wa Ray. Ukisema hivyo nakuamini. Lakini mara ya pili, mdogo wangu, ulisema "nimeshamwambia". Nimejaribu siku tatu kuliona neno hilo kwa namna nyingine, nimeshindwa.

Nakumbuka Jumamosi iliyofuata Ijumaa ile. Goti lilikuwa linanisumbua, ukanibebea kikapu cha Pasaka kwenda kubarikiwa. Nilikuwa nimetia mkate, soseji, mayai, na kipande cha jibini kwa ajili ya Corey, nimpelekee Jumanne akitoka. Ulikuwa kando yangu. Padre alipopita na maji ya baraka yalikurukia usoni, ukajifuta kwa mkono wa shati. Corey alikuwa bado hai. Ray alikuwa hatua tatu kutoka kwetu, anaimba. Ungemvuta koti tu. Angemwamsha jaji wa zamu, angevunja mlango, unamjua.

Mwezi wa tisa mwaka ule ule ukahama. Nilidhani ni kazi. Nilikufungia soksi.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Neno hilo nilikuwa nikilitamka juu ya Ray.

Sitazungumza na gazeti. Nilichokiona usoni kwa Ray si ushahidi, ni uso tu, na Bernice ana simu mbili na dakika zake. Tena, nikisema, nitakuwa nimemtoa ndugu yangu kwa mikono yangu, na mikono hii imeshazika vya kutosha. Lakini nikinyamaza, Ray anazama kwa kosa lake na la mtu mwingine juu yake, na Whitcomb anakalia kiti kile atazame watoto wa wenzangu wakiletwa na pingu. Nisiposema, ni mimi ninayemzamisha. Hilo nalijua pia.

Barua hii naituma kwa njia ya haraka. Bibi wa posta amenihakikishia utaipata Alhamisi. Gazeti linafunga kurasa zake Ijumaa jioni. Namba yao nimeiandika nyuma ya kipeperushi, kwa wino mwekundu, chini ya jina la Corey.

Shangazi Olga anakusalimu. Mke wa Ray, Loretta, anakusalimu, hajui lolote. Watoto wa Ray wanakusalimu na wanauliza habari za dubu. Ray naye, nilipokuwa nafunga mlango wa ofisi yake, alisema nikufikishie salamu. Nimezifikisha.

Mungu akulinde na bahari hiyo, na akupe usingizi. Nakuombea kila usiku, na tangu Jumanne nakuombea kwa muda mrefu zaidi.

Neno moja sijamwambia mtu. Ijumaa Kuu ile mimi nilikuwa meza ya keki, hatua kumi kutoka kwenye simu. Niliisikia ikilia, mara zote mbili. Nilidhani ni mtu anaagiza samaki, na nilikuona ukinyanyua mkono kupokea, nikakutabasamia.

Dada yako, ambaye hajaacha kukupenda wala hataweza,

Dora